Mzee Atembezwe Alfajiri

Saa nane za usiku mzee ameamka, anatafuta bakora: ngamia, anasema, hawajanyweshwa. Ngamia wenyewe walishauzwa zamani. Binti anayemtunza anamrudisha kitandani, na baada ya nusu saa wanaanza upya. Hadado, kama kwingineko Wajir, ni rahisi kusema huo ni uzee tu.

Ni ugonjwa wa kusahau uitwao dimenshia. Ndani ya ubongo kuna kiini kidogo kinachotofautisha usiku na mchana kwa mwanga unaoingia machoni, na dimenshia hukidhoofisha. Mzee akishinda ndani gizani, akisinzia tangu adhuhuri hadi magharibi, kiini hicho hukosa cha kukiongoza. Usiku ukiingia, mwili haujachoka na ubongo haujui kumekuchwa.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walichapisha matokeo ya wagonjwa 132 wa Alzheimer, aina mojawapo ya dimenshia, wanaoishi majumbani. Waliopangiwa kutembea nusu saa kila siku walipunguza muda wa kukesha. Waliotimiza siku 4 au zaidi kwa wiki ndio walionufaika zaidi, kwa hiyo matembezi ya Ijumaa pekee hayatoshi.

Kwetu mwanga haukosekani, tatizo ni joto. Mzee atoke alfajiri, aende msikitini kwa miguu, kisha arudi kwa njia ndefu jua likichomoza. Bibi anaweza kuwasindikiza mbuzi na mjukuu wake hadi mwisho wa maboma. Asiyeweza asubuhi atoke baada ya alasiri. Maji yabebwe, na mgonjwa asitoke peke yake kamwe: akipotea vichakani, jua na kiu vinaweza kumuua kabla hajapatikana.

Chai nzito ya jioni iachwe. Na tafadhali, msimpe vidonge vya mzio kama Piriton ili alale. Humlewesha, humzidishia kuchanganyikiwa na huweza kumwangusha.

Binti naye analala lini? Anayekesha na mgonjwa kila usiku huugua pia, na sioni haki kumwachia mtu mmoja mzigo huu ilhali ana kaka watatu. Mmoja ashike zamu ya alfajiri, mwingine usiku mmoja au miwili kwa wiki, ili dada yao alale hadi kuche.

Lakini mzee akibadilika ghafla, ndani ya siku moja au mbili, akaweweseka kuliko kawaida yake, msisubiri matembezi yamsaidie. Huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo au upungufu wa maji mwilini. Apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.