Pikapu ya shamba na hema la wikiendi: pima kwanza, kuchomelea baadaye



Tangu parachichi zianze kulipa huku Njombe, simu ninazopigiwa zimebadilika. Zamani ukiona namba ngeni saa mbili usiku ujue kuna mtu kaona viwavijeshi kwenye mahindi. Siku hizi kijana ananipigia na kuniuliza, "Bwana shamba, eti keria ya juu unafunga kwa shilingi ngapi?" Ameuza matunda, amenunua pikapu ya mtumba, sasa anataka Jumatatu ibebe mbolea na Jumamosi ipeleke familia Kitulo kuangalia maua, au Matema kuvua samaki na kuogelea.

Siwalaumu hata kidogo. Mimi mwenyewe nimepita njia hiyo, tena nimeipita vibaya. Leo naandika kuhusu gari langu, na kuna sehemu sijivunii kuiandika.

Gari ni Hilux ya dabo kebini, dizeli, isiyo na turbo. Nilipolinunua lilikuwa gari la kazi tupu. Kisha nikaanza kuangalia picha za watu wa kambi kwenye simu, si unajua tena. Ndani ya miezi minane nikawa nimefunga kanopi ya chuma, keria ndefu juu, hema la kukunja juu ya keria, bampa nzito la chuma mbele, winchi, betri ya pili, droo za plaiwudi nyuma na tairi ya pili ya akiba. Fundi akaniongezea vipande vya chuma kwenye springi ili gari liinuke. Likainuka kweli. Watoto wa mtaani wakawa wanalipigia makofi.

Mwezi wa pili, mvua zimekolea, tukaenda Kitulo kwa njia ya Makete. Kwa wasioijua, ile ni hifadhi ya taifa tangu 2005, uwanda wa juu karibu mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Maua yake hutaka mvua, kwa hiyo ukiyafuata maua umefuata na matope. Tulikuwa watu sita: mimi, mama watoto, watoto watatu na mama yangu mzazi. Dabo kebini ina viti vitano. Nikafanya kile ambacho wengi wetu tunafanya: wavulana wawili wakubwa nikawawekea godoro nyuma, ndani ya kanopi, wakae na mizigo. Walifurahi kuliko sote.

Kwenye kona moja ya kuteremka, barabara imeinamia upande wa mtaro, gari likaanza kulala. Si kuteleza, ni kulala. Nikahisi tairi za upande wangu zimekuwa nyepesi. Nikakata usukani kuelekea mtaroni, kwa sababu ukiukata upande wa pili ndipo linapinduka kabisa, na likajichomeka kwenye mtaro likasimama. Kimya. Halafu mtoto akaanza kulia nyuma.

Sanduku la vyombo, lile la bati, lilikuwa halijafungwa. Gari liliposimama lenyewe likaendelea na mwendo, likampata mwanangu wa pili juu ya jicho. Nyuzi sita. Daktari alisema ingeshuka kidogo tu tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Kaka yake alikuwa anatapika, nami nikadhani ni hofu. Baadaye nikaelewa: kioo cha nyuma cha kanopi kilikuwa wazi kidogo, na gari likiwa kwenye mwendo hewa huzunguka nyuma na kuvuta moshi wa ekzosi kuuingiza ndani. Wale watoto walikuwa wamevuta moshi njia nzima.

Tulirudi nyumbani, na wiki iliyofuata nikafanya kitu ambacho ningepaswa kufanya kabla ya kumpa fundi hata senti moja. Nililipeleka gari kwenye mzani wa mnunuzi wa mahindi. Kadi yangu ya gari inasema uzito mtupu ni kilo 1,700 na uzito wa juu unaoruhusiwa ni kilo 2,700. Yaani nina kilo 1,000 za kutumia, watu wakiwemo. Mzani ukasoma 2,135, gari halina mtu wala mzigo. Keria 55, hema 60, kanopi 90, bampa 70, winchi na nyaya zake 40, betri 25, droo 60, tairi 35. Kilo 435 za mapambo.

Sasa wewe unayelima kibiashara, sikiliza hesabu hii. Gari likiwa tupu kama nililivyonunua, toa mimi na kibarua wangu kilo 150, zinabaki 850. Hiyo ni mifuko 17 ya mbolea ya kilo 50. Baada ya mapambo zinabaki 415, mifuko 8. Kila Jumatatu nilikuwa napeleka safari mbili na zaidi kwa kazi ya safari moja, dizeli ikiungua, eti kwa sababu Jumamosi moja katika mwezi nalala juu ya keria. Hakuna mtu atakayekuonyesha risiti ya hasara hiyo, lakini unailipa.

La pili ni lile la ile kona. Nilipopiga hesabu ya safari yenyewe, watu wote, maji lita 60, dizeli ya akiba, friji, chakula na vyombo, ilifika kama kilo 2,650. Kwa kadi nilikuwa sijazidisha! Tatizo halikuwa kiasi, lilikuwa mahali. Kilo 115 zilikaa juu kabisa, juu ya gari ambalo nimeshaliinua kwa vipande vya chuma. Kitabu cha gari huandika paa linabeba kiasi gani, na kwa magari mengi ya aina hii ni chini ya kilo 100 likiwa linatembea. Ni kama kubeba ndoo kichwani ukiwa juu ya baiskeli. Kwenye lami iliyonyooka hutajua. Kwenye kona yenye matope utajua.

Basi nikaanza kufungua. Vipande vya chuma vilitoka kwanza, na badala yake nikafunga shokapu mpya nne na kubadilisha springi za nyuma zilizochoka. Breki nikazifumua zote. Hiyo kazi haipigwi picha, haionekani, ila ndiyo ningeianza. Bampa na winchi nikauza. Winchi niliitumia mara moja tu, tena kumvuta mwenzangu. Sasa nabeba koleo, kamba ya kuvutia, mbao mbili za kuweka chini ya tairi na jeki nzuri, na sijawahi kulala porini.

Kanopi ya chuma nikaibadilisha na fremu ya bomba nyembamba na turubai, kama kilo 25, inafunguka kwa bolti sita. Droo nimezikata nusu kwa nusu, kila nusu wanaibeba watu wawili, Jumapili jioni zinashuka na kukaa stoo. Tairi ya pili ya akiba inapanda tukienda Ruaha tu. Kinachobaki garini siku zote ni betri ya pili na fremu, kilo 50. Mifuko 16. Mmoja tu ndio umepotea, nimesamehe.

Kuhusu viti, naomba tuelewane. Vijana wananiambia fundi atawachomea benchi nyuma. Benchi la kuchomelewa kwenye bati jembamba la sakafu huchomoka likiwa na mtu juu yake. Na mkanda kwenye kiti kinachotazama pembeni haumshiki mtu vizuri gari likigonga kwa mbele. Kama familia ni kubwa, tafuta gari lenye viti vya kutosha vinavyotazama mbele. Wengine wananunua Land Cruiser Hardtop, halafu wanatoa mabenchi ya pembeni na kufunga viti vinavyotazama mbele, bolti zikipita sakafuni na bamba la chuma chini yake. Hiyo inafanyika, lakini kwa fundi anayejua. Idadi ya viti, rangi na aina ya bodi zimeandikwa kwenye kadi, kwa hiyo ukibadilisha pitia TRA, na bima yako waambie kabla ya ajali, siyo baada.

Kwangu nimeshindwa kupata jibu la kiufundi. Watu sita hawaenei viti vitano. Siku hizi tukienda Matema mama anapanda basi, tunampokea Kyela. Anasema basi lina nafasi zaidi na dereva hana papara.

Kitu kimoja kwenye gari hili kinajilipa chenyewe, ni friji ndogo ya volti 12. Ikiwa inafanya kazi yangu inakula wati 45 hivi, karibu ampea 4, na kwa kuwa inawaka na kuzima chukulia wastani wa ampea 2. Betri ya N70 ina ampea 70 kwa saa, lakini betri ya kawaida ukiimaliza zaidi ya nusu unaiua mapema, kwa hiyo hesabu 35. Hapo unapata saa kama 17. Kambi ya siku mbili inahitaji paneli ya sola ya wati 100 au uwashe gari. Betri hii itenganishwe na ya kuwashia, usije ukaamka asubuhi una soda baridi na gari halistuki. Na fyuzi iwe karibu kabisa na betri, siyo kule kwenye friji. Waya mrefu usio na fyuzi ukichunika kwenye bati unawaka moto kabla hujafika kwenye bolti ya betri.

Siku za kazi friji hiyo inabeba chanjo za kuku, nyuzijoto 2 hadi 8, kutoka mjini hadi kijijini bila kuhangaika na barafu. Nasafisha kabla ya kuweka nyama, mama watoto anasimamia hilo mwenyewe.

Tairi sitachukua muda. Soma namba nne ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za kashata kubwa mtumba zinaonekana mpya kumbe zimezeeka. Ukifunga kubwa kuliko zilizoandikwa, mita ya mwendo inakudanganya na breki zinafanya kazi zaidi. Upepo ufuate kibandiko cha mlangoni. Kwenye mchanga wa ufukweni shusha hadi psi 20 hivi, uende polepole, na ubebe kompresa ndogo ya kujaza tena kabla ya lami.

Nikitaja kambi lazima nitaje jiko. Kitulo usiku barafu inaanguka kwenye majani, na utatamani kuingiza jiko la mkaa kwenye hema watoto wapate joto. Usithubutu. Moshi wake unaoua hauna harufu. Beba mablanketi, ni mepesi na hayahitaji fundi. Madumu ya dizeli na mtungi wa gesi visikae kwenye kebini na watu. Na mkienda Ruaha, hema na nguo zisiwe za bluu au nyeusi, mbung'o wanazipenda rangi hizo kuliko sisi tunavyowapenda wao.

Sasa hema letu ni la kusimika chini, kilo 14. Masanduku yote yanafungwa kwa mikanda yenye ratcheti kwenye vikulabu vya sakafuni, na anayekagua kabla ya kuondoka ni yule mwanangu mwenye alama juu ya jicho. Anavuta kila mkanda, hasemi kitu, ukilegea ananiangalia. Wakati mwingine anakagua hata siku ya kubeba viazi.

Lile hema la juu bado liko stoo. Nimelitangaza miezi mitatu, wateja wanakuja, wanaulizia uzito, wanaondoka.