Umeumia ajalini? Usimkimbilie wakili wa kwanza

Hebu fikiria, msomaji, kwamba matatu uliyoabiri asubuhi ukielekea kazini imebingiria karibu na Githurai. Unapozindukana umo wodini, mguu umetiwa plasta, na kando ya kitanda amesimama kijana nadhifu mwenye faili kwapani. Hakukuletea maziwa wala matunda. Amekuletea karatasi ya kutia sahihi, na ahadi kwamba "wakili wetu" atakupatia mamilioni bila ya wewe kutoa hata ndururu.

Usitie sahihi. Kijana huyo ni broka, na kazi yake ni kuwauzia mawakili majeruhi kama kuku wa sokoni. Sheria ya Mawakili inakataza kutafuta wateja kwa njia hiyo. Vile vile haitambui mapatano ya kwamba wakili atalipwa tu endapo kesi itashinda. Je, anayeanza kwa kuvunja sheria ya kazi yake atakufanyia nini siku hundi itakapofika?

Haki yako ipo, broka au bila broka. Sura ya 405 ya sheria zetu inamlazimu kila mwenye gari kulikatia bima kwa ajili ya watu wengine watakaoumizwa nalo, abiria wa matatu na wapita njia wakiwemo. Kampuni ya bima hulipa hadi Sh3 milioni kwa mtu mmoja. Kinachozidi hapo humwangukia mwenye gari, nawe unajua jinsi wenye matatu walivyo wagumu kupatikana!

Kesi ya aina hii hujengwa kwa karatasi. Ripoti ajali kituoni upewe nambari ya OB, kisha uombe abstrakti ya polisi, ambayo huonyesha nambari ya gari, mwenyewe na kampuni ya bima. Jina la mwenye gari lithibitishwe katika rekodi za NTSA, kwani magari mengi huuzwa bila jina kubadilishwa, na ukimshtaki asiyehusika umepoteza miezi bure. Fomu ya P3 na ripoti ya daktari pia zitahitajika.

Halafu risiti. Hapa ndipo wengi huanguka. Fidia ya maumivu hakimu huikadiria kwa kutazama yale waliyolipwa wengine waliopata majeraha kama yako. Lakini gharama ulizotoa hazikadiriwi, huthibitishwa senti kwa senti. Dawa, magongo, teksi ya kukupeleka kliniki, yote yanataka karatasi. Kopo tupu la Blue Band latosha kuzihifadhia, mradi uzipige picha mapema, maana risiti za siku hizi hufifia zikabaki nyeupe pe.

Una miaka mitatu tangu siku ya ajali kufikisha madai kortini. Ikiwa gari ni la serikali, una miezi 12 pekee. Usingoje kesi ya trafiki iishe. Dereva anaweza kuachiliwa huko na wewe bado ukadai fidia. Ukiwa umeumia kazini, njia ni nyingine: sheria ya mwaka 2007 kuhusu majeraha ya kazini inataka madai yapitie kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na Mahakama ya Juu ikaiidhinisha sheria hiyo mwaka 2019.

Sasa wakili. Uliza Chama cha Mawakili kama ana cheti cha mwaka huu. Mwambie akuandikie ada yake kabla hajaanza. Ukiwa huna kitu, Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia wanyonge tangu 1973, na ipo pia huduma ya serikali iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Kwa madai yasiyozidi Sh1 milioni, Korti ya Madai Madogo hukuruhusu kujisimamia mwenyewe, na sheria inataka kesi ikamilike kwa siku 60.

Huenda kampuni ya bima ikakutafuta kwanza na kukuwekea pesa mezani. Si kosa kupatana, na wakati mwingine ni busara, kwani kampuni nazo huanguka: waulize waliokuwa wakidai United Insurance mwaka 2005 au Blue Shield mwaka 2011. Ila soma hati wanayokupa. Mara nyingi husema kwamba hutadai tena kamwe. Chuma kilichomo mguuni mwako kikihitaji kutolewa baada ya mwaka mmoja, gharama ya upasuaji huo itatoka mfukoni mwako. Muulize daktari kuhusu matibabu ya baadaye kabla hujashika kalamu.

Na kesi ikishinda? Kwa kawaida bima hupeleka hundi kwa wakili wala si kwako. Wengi wa mawakili ni waaminifu, lakini wapo wanaomwambia mteja alipewa laki mbili ilhali mahakama iliamua tano. Hukumu si siri. Beba nambari ya kesi yako, nenda katika masjala ya mahakama na uombe kuiona faili. Ukigundua hesabu hazilingani, mwandikie wakili barua akueleze, na asipojibu, yapeleke malalamiko yako kwa Tume ya Malalamiko Dhidi ya Mawakili pamoja na nakala ya hukumu.