Kadhi Aliyeshika Kalamu ya Historia

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nilidhani methali hiyo ni ya wenye maduka, hata masika moja paa la chumba changu hapa Riruta lilipovuja. Maji yaliingia katika sanduku la marehemu baba. Habari za ukoo wetu, alizoziandika kwa herufi za Kiarabu, zikawa matope ya wino. Nilikaa nazo miaka mingi nisinakili hata ukurasa mmoja.

Usiku ule nilimkumbuka Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Bwana huyu alizaliwa Mombasa mwaka 1891, akafiwa na babake angali mdogo, akalelewa na jamaa zake wanazuoni. Mwaka 1930 alitoa gazeti la Sahifa, na 1932 Al-Islah. Tangu 1937 hata kufa kwake 1947 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Juu ya shughuli zote hizo aliandika, kwa Kiarabu, historia ya Mazrui waliotawala Mombasa karibu karne nzima.

Uzito wa kazi ile, msomaji, ni huu: dola ya wazee wake iliangushwa na Seyyid Said mwaka 1837, naye Sheikh akifanya ukadhi katika mwambao uliokuwa ungali chini ya bendera ya Sultani wa Unguja, Mwingereza akishika hatamu. Mtumishi wa serikali asimulieje kushindwa kwa babu zake? Wengi wangenyamaza. Yeye aliandika.

Kabla yake, Uchina ya kale, palikuwa na Sima Qian, mwandishi wa tarehe katika baraza la mfalme. Alimtetea jemadari Li Ling aliyeshindwa vitani. Mfalme akaghadhibika, akaamuru ahasiwe. Alivumilia fedheha hiyo ili akimalize kitabu alichousiwa na babake, chenye milango 130.

Lakini kuandika ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kutunza. Kitabu cha Sima Qian kilitolewa hadharani na mjukuu wake, Yang Yun. Cha Sheikh kilichapishwa mwaka 1995, miaka 48 baada ya mauti yake. Miaka yote hiyo mswada ulikuwa na wenyewe.

Wa baba haukuwa na mwenyewe, ingawa nilikuwapo. Sasa nimenunua daftari, naandika machache niyakumbukayo. Nawe uliye na sanduku la wazee, lifungue leo. Masika hayabishi hodi.