Maji ya Kibarani yamefunguliwa, sisi je?

Kila aliyewahi kuingia Mombasa kwa barabara anaikumbuka harufu ya Kibarani. Basi likishatoka Changamwe na kuanza kuteremka kuelekea Makupa, abiria walikuwa wakifanya jambo moja bila ya kuambizana: madirisha yanafungwa, leso zinapelekwa puani, na mazungumzo yanakatika. Mgeni aliyekuja kuona minazi na bahari alikaribishwa na jaa la taka lililokuwa likifuka moshi, huku korongo na mbwa wakigombea mabaki, na watu wazima kwa watoto wakichokora wapate cha kuuza.

Jaa hilo lilifungwa mwaka 2018. Taka zikapelekwa Mwakirunge, Kibarani ikamwagwa udongo, na miti ikapandwa. Miaka minne baadaye, mwaka 2022, likafunguliwa daraja jipya la Makupa lenye urefu wa zaidi ya mita 450, lililogharimu takriban shilingi bilioni 4.5. Daraja hilo lilichukua nafasi ya tuta la mawe na udongo lililokuwa likiunganisha kisiwa na bara.

Kwa mwenye gari, hayo ni mabadiliko ya dakika mbili tu. Kwa maji, ni habari ya karibu miaka tisini.

Tutaeleza. Mombasa ni kisiwa, na kisiwa ni lazima kizungukwe na maji. Mwaka 1896 wajenzi wa reli ya Uganda walivuka Makupa kwa daraja, wakaliita Salisbury, kwa jina la Waziri Mkuu wa Uingereza wa wakati ule. Maji yalipita chini yake. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1920 lilijengwa tuta, na tangu hapo hori ya Tudor upande mmoja na maji ya Kilindini na Port Reitz upande wa pili yakawa kama ndugu wawili waliotengwa kwa ukuta. Maji yakijaa yalifika tutani yakasimama. Yakipwa yalirudi yalikotoka. Uchafu ulioingia haukuwa na pa kutokea. Mwaka 1988 mafuta yaliyovuja kutoka tangi moja yaliingia katika hori hiyo na kuangamiza mikoko mingi. Na hapo hapo pakageuzwa jaa.

Sasa ukuta umeondolewa na maji yanapishana tena chini ya daraja. Swali tunalowauliza wasomaji wetu Jumapili hii ni hili: maji yakishafunguliwa, yafunguliwe kwa nani?

Walivyofanya Waingereza

Kabla ya kujibu, hebu twende mbali kidogo, katika nchi ambayo nayo iliwahi kuyageuza maji yake kuwa jaa.

Mwaka 1761 ulifunguliwa nchini Uingereza mfereji wa Bridgewater, uliochimbwa ili kupeleka makaa ya mawe katika mji wa Manchester. Bei ya makaa mjini humo ikashuka sana, na matajiri wakashikwa na homa ya kuchimba mifereji kila upande, hadi Wales. Farasi mmoja alitembea ukingoni akivuta kwa kamba mashua nyembamba iliyobeba mzigo ambao mikokoteni mingi isingeweza kuuchukua.

Mashua hizo zilikuwa na upana wa mita 2 na ushei tu, kwa sababu vipitio vya maji vilijengwa vyembamba ili kupunguza gharama. Familia nzima ililala katika chumba kidogo cha nyuma, baba, mama na watoto, na humo humo mkapikwa. Watoto wengi hawakujua kusoma, maana shule haikuwa na magurudumu. Fahari yao ilikuwa rangi: walichora mashua zao maua ya waridi na majumba ya kifalme, kama vile vijana wetu wanavyozichora matatu.

Ikaja reli, ikaja lori, na mifereji ikafa. Mingine ilijaa matope, vitanda vibovu na mizoga. Wahandisi walitaka izibwe kabisa. Lakini mwaka 1944 mtu mmoja aliyeitwa L.T.C. Rolt alichapisha kitabu kuhusu safari yake katika mashua kama hiyo, na mwaka 1946 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha kuitetea mifereji. Watu wa kawaida, waalimu na makarani, walishinda Jumamosi na Jumapili wakizoa matope kwa majembe, bila ya malipo. Mfereji wa Huddersfield, wenye handaki la kilomita 5 chini ya mlima, ulifunguliwa upya mwaka 2001 baada ya kufungwa kwa zaidi ya miaka hamsini.

Wiki moja kwa mwendo wa miguu

Leo mashua zile zile, sasa za chuma na zenye injini, hukodishwa na familia kwa siku tatu, nne au wiki nzima. Ndani mna vitanda, jiko, choo na bafu. Hakuna nahodha, baba au mama hufundishwa kwa muda mfupi, kisha hukabidhiwa usukani. Ukisukuma mkono wa usukani kulia, mashua yaenda kushoto, na hapo ndipo wengi hugonga ukingo siku ya kwanza.

Mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 6 na nusu kwa saa. Mtoto anayetembea kwa haraka ukingoni atakupita. Mzunguko mmoja maarufu, unaopita katika majimbo manne, una urefu wa kilomita 177 tu, lakini huchukua kama wiki nzima.

Kinachochelewesha ni vile vipitio vya maji, ambavyo ndivyo vinavyowapa watoto raha kubwa. Fikiria chumba cha mawe chenye milango mbele na nyuma. Mashua yaingia chini, mlango wa nyuma wafungwa. Mtu huzungusha mkono wa chuma kufungua kidirisha kilicho mlangoni, maji ya juu yakaingia, na mashua ikapanda polepole kama bata katika karai linalojazwa. Maji yakilingana, mlango wa mbele unafunguka kwa kusukumwa kwa mgongo. Kwa njia hiyo chombo hupanda mlima bila ya injini kutoa jasho. Katika mzunguko huo wa wiki moja kuna vipitio 94.

Huko Wales mfereji unapita hewani. Daraja la Pontcysyllte, lililofunguliwa mwaka 1805, hubeba mashua juu ya nguzo 18, mita 38 juu ya mto Dee. Upande mmoja una njia ya miguu na kingo. Upande wa pili hauna kitu, na ukichungulia dirishani waona bonde tupu. Mwaka 2009 daraja hilo liliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia, miaka miwili kabla ya Ngome yetu ya Yesu.

Na sisi tunazo zetu

Asidhani msomaji kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Katika karne ya 19, watu wa Witu walichimba mfereji mwembamba wa Belezoni ili kuunganisha mto Tana na mto Ozi, mitumbwi ipate kufika Kipini bila ya kutokea baharini. Baadaye Tana wenyewe uliupenda mfereji huo, ukaupanua na kuufanya njia yake. Ndiyo sababu leo mto mrefu kuliko yote nchini unaingia baharini Kipini.

Huko Lamu, safari ya siku nyingi kwa chombo ni jambo la kawaida hata leo. Mashua inatoka mjini, inafuata mkondo wa Mkanda baina ya Manda na bara, yaelekea Pate, Siyu, Faza hadi Kiwayu. Huko Mkanda chombo husubiri maji yajae. Asiyesubiri hukwama kwenye matope akashinda akitazamana na mikoko. Chakula kinapikwa juu ya sanduku lililotiwa mchanga ili moto usishike mbao, na usiku watu hulala juu ya mikeka, nyota zikiwa ndiyo dari.

Tofauti ni moja. Uingereza aliyelala ndani ya mashua ni mwalimu na familia yake. Kwetu, mara nyingi ni mgeni kutoka ng'ambo, naye mwenyeji ni mpishi na baharia.

Kisiwa kwa upande wa maji

Mombasa tunaijua kwa barabara zake. Muulize kijana wa Tudor au Majengo, atakutajia kila steji ya matatu. Lakini ni wangapi wameuona mji huu kutoka majini?

Anzia Bandari ya Kale, chini ya nyumba za Mji wa Kale, si mbali na Ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Ukielekea ndani utapita chini ya daraja la Nyali lililofunguliwa mwaka 1980, kuchukua nafasi ya lile la kuelea la mwaka 1931. Mbele hori inapanuka: Tudor upande huu, Mikindani na Jomvu Kuu kule, mikoko ikisimama kwa miguu mingi kama kaa. Kisha Makupa na Kibarani. Kutoka hapo ni Port Reitz, Kilindini na meli zake, Likoni na feri, halafu bustani ya Mama Ngina iliyofunguliwa upya mwaka 2019, na kona ya mwisho inakurudisha chini ya kuta za Ngome.

Si safari ya kwenda kiholela. Kilindini ni njia ya meli kubwa, si mahali pa kuranda na dau. Na bamvua si sawa na maji mafu. Mwenye kujua ni nahodha, na nahodha wa kweli hutazama mwezi kabla ya kutazama nauli.

Hofu iliyo na sababu

Wazazi wengi wa mji huu hawataki hata kusikia habari ya chombo. Hawana makosa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama karibu na ufuo, na watu 272 wakafa. Waliokufa walikuwa wakienda kazini tu, wala hawakuwa katika matembezi. Nyumba nyingi bado zina picha ukutani za watu ambao hawakufika ng'ambo.

Lakini hofu ikiachwa peke yake huzaa ujinga, na ujinga ndio unaozamisha. Mtoto aliyezaliwa kisiwani hana budi kujua kuogelea, kama vile mtoto wa jangwani anavyojua kisima kilipo. Chombo kisichokuwa na jaketi ya kuokolea kwa kila abiria, akiwemo mtoto mchanga, kisipandwe. Kikijaa, shuka, aibu ya kushuka ni ya dakika moja.

Na jambo la mwisho ni lile la majembe. Mifereji ya Uingereza haikuokolewa na serikali peke yake, bali na watu walioona haya kupita karibu na uchafu wao kila siku. Daraja la Makupa limejengwa na miti ya Kibarani imepandwa, lakini mfuko wa plastiki unaotupwa mtaroni huko Majengo au Changamwe bado utafika majini mvua ikinyesha. Tuta la mawe limeondoka. Tuta la taka hujengwa kidogo kidogo, na halihitaji mkandarasi.

Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, wapeleke watoto Kibarani. Wasimamishe pale maji yanapopita chini ya daraja, uwaonyeshe yanakotoka na yanakokwenda. Waeleze kwamba babu zao waliishi na kufa bila ya kuuona mkondo huo ukipita.

Na basi likiteremka kutoka Changamwe, acheni dirisha wazi.