Kimalei, Kishona na mbuzi wa Runyenjes

Jumamosi moja majuzi nilikuwa Runyenjes, Kaunti ya Embu, katika mazungumzo ya mahari ya mpwa wangu. Dadangu, mzaliwa wa Nkubu kule Meru kama mimi, aliolewa Embu miaka thelathini na ushei iliyopita. Sasa binti yake amepata mchumba, kijana Mshona kutoka Masvingo, Zimbabwe. Mambo yalikuwa yakienda vizuri hadi mzee mmoja wa upande wa shemeji yangu alipoweka kikombe chake cha chai chini, akasema: "Sisi hatumkatai. Lakini huyu ni mgeni kabisa. Wameru tunasikizana nao, hata kama tunachekana. Lugha ya huyu hatujui hata imetoka wapi. Mtoto wetu anaenda kwa watu gani?"

Kabla sijafungua mdomo, kakake bibi harusi akadakia. Huyu alisomea Kuala Lumpur, na tangu arudi hana mfano mwingine. "Mjomba, afadhali hata Wamalei! Kule nilikuwa nasikia khabar, dunia, waktu, hukum, sabun, miskin. Si Kiswahili hicho? Na kisiwani Jawa kuna mlima unaitwa Semeru. Wazee wa Meru si husema tulitoka Mbwaa, baharini? Labda sisi ni Wamalei waliopotea njia."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka nusu. Hoja za aina hii nimezisikia zikitumiwa kwa mambo mazito kuliko mzaha: kuamua nani ni wetu na nani si wetu, nani alifika kwanza na nani ni wa kuja. Mara nyingi ushahidi wote huwa ni maneno mawili matatu. Basi nikaomba dakika kumi za kueleza. Wenyeji wangu watasema nilichukua ishirini.

Maneno ya lugha mbili yanaweza kufanana kwa sababu tatu: bahati, mkopo, au undugu. Tuanze na bahati. Kwa Kimalei, lima ni tano na dua ni mbili. Sisi tukisikia lima tunafikiria jembe, na dua twaipeleka kwa Mungu. Sauti za binadamu ni chache na maneno ni maelfu, kwa hivyo lazima mengine yagongane. Jina la Semeru lina asili ya Sanskriti, kutokana na Meru, mlima mtakatifu wa masimulizi ya Kihindu. Hata hapa jirani, Wameru wa Tanzania, wanaoishi chini ya Mlima Meru karibu na Arusha, huzungumza lugha iliyo karibu na Kichaga, si Kimeru chetu. Jina moja, watu tofauti.

Mkopo ni jambo jingine. Orodha ya mpwa wangu ni ya kweli, ila karibu yote ni mali ya Waarabu. Kiswahili na Kimalei zilikuwa lugha za bandari katika bahari ileile, zikapokea Uislamu na biashara, na pamoja nazo maneno. Mreno naye alipopita alituachia meza na bendera. Wamalei wana meja na bendera. Neno hilo la meza lilipanda mlima hadi Meru, likawa metha. Kwa hivyo Mmeru na Mmalei wana meza moja, lakini hilo haliwafanyi wawe wamezaliwa nyumba moja.

Nami niliwahi kuanguka katika shimo hilo. Nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili niliandika insha ndefu kudai kwamba Kiswahili na Kiarabu ni ndugu wa damu, nikaambatisha maneno mengi nikijua nimemaliza kazi. Mhadhiri wangu aliandika chini kwa wino mwekundu: "Haya yote umeyatoa sokoni. Nionyeshe ya jikoni." Sijasahau. Maneno ya biashara, dini na serikali husafiri. Maneno ya mtu, mti, njia, mvua na ulimi hukaa nyumbani, na ndiyo ya kuulizwa kwanza.

Tuyaulize basi. Mtu kwa Kimalei ni orang. Mti ni pokok, njia ni jalan, mvua ni hujan, ulimi ni lidah, mbuzi ni kambing. Watu wengi ni orang-orang, neno likirudiwa mara mbili, kwa sababu Kimalei hakina ngeli. Hapo jikoni hatuna chetu.

Sasa Kishona. Mti ni muti. Kiembu na Kimeru ni mũtĩ. Ulimi ni rurimi. Huku kwetu ni rũrĩmĩ. Mtu ni munhu na watu ni vanhu. Kiembu husema mũndũ na andũ, Kimeru mũntũ na antũ. Ngeli ni ileile, na umoja na wingi hubadilika mwanzoni mwa neno kama kwetu.

Lakini mfanano peke yake haumridhishi mwanaisimu. Huamini zaidi tofauti inayofuata utaratibu. Tazama neno kitu. Kishona ni chinhu, Kiembu ni kĩndũ, Kimeru ni gĩntũ. Linganisha na mtu: palipo na t katika Kiswahili, Kishona kina nh, Kiembu nd, Kimeru nt, katika maneno yote mawili. Lugha mama ya Kibantu ilikuwa na nt hapo, na kila mtoto akaitendea kwa tabia yake. Ndani ya Kishona chenyewe utaona kazi hiyo ikifanyika: miti mitatu ni miti mitatu, lakini ng'ombe watatu ni mombe nhatu. N ikikutana na t, inazaliwa nh.

Na kwa nini Kimeru kina gĩntũ kwa g ilhali Kiembu kina kĩndũ kwa k? Hapa inaingia Sheria ya Dahl, iliyopewa jina la Edmund Dahl, mmishenari Mjerumani aliyeishi na Wanyamwezi. Katika lugha zenye sheria hiyo, silabi mbili jirani zikianza kwa konsonanti zisizo ghuna, kama k na t, ya kwanza hugeuka kuwa ghuna. Kimeru kimehifadhi t, kwa hivyo k ikawa g. Kiembu kilikwisha igeuza t ile kuwa d, ambayo ni ghuna tayari, kwa hivyo k ikaachwa ipumzike. Wazee wanaochekana kando ya Mto Thuci, kila mmoja akidhani mwenzake anaharibu lugha, kwa kweli wote wanatii sheria moja.

Mfano wa mwisho unatugusa sisi wa Kiswahili. Njia kwa Kiembu na Kimeru ni njĩra, kwa Kishona nzira. Mvua ni mbura kwetu, mvura kwao. Zaa ni ciara kwetu, zvara kwao. Milimani kuna r na Zimbabwe kuna r. Katika Kiswahili pana tundu, kwa maana konsonanti ya zamani iliyokuwa hapo imedondoka. Kwa jambo hilo, Runyenjes na Masvingo, zilizotengana kwa zaidi ya kilomita 2,000, zimehifadhi kitu ambacho Mombasa imekipoteza.

Mpwa wangu hakukubali kushindwa upesi. "Na bahari je, Mjomba? Si watu wanaweza kuvuka?"

Wanaweza, na walivuka. Tena tunajua lugha iliyovuka bahari hufananaje, kwa sababu iko hapa Afrika: Kimalagasi cha Madagaska. Mwaka 1951 mtaalamu wa Norwe, Otto Christian Dahl, alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba ndugu yake wa karibu ni Kimaanyan cha kisiwa cha Borneo. (Naye ni Dahl, lakini si yule wa Wanyamwezi, tumeshaonywa kuhusu majina.) Tano kwa Kimalei ni lima, kwa Kimalagasi dimy. Sita ni enam na enina. Moto ni api na afo. Jicho ni mata na maso. Mbingu ni langit na lanitra. Hayo ni ya jikoni. Kisha Wamalagasi walipokutana na majirani wao wa Afrika wakakopa majina ya mifugo: ng'ombe wakamwita omby, kuku wakamwita akoho. Kama Wameru wangetoka Asia na lugha yao, Kimeru kingekuwa na sura hiyo. Masimulizi ya Mbwaa yana heshima yake, na wako wanahistoria wanaoihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda, Lamu. Lakini ukiuliza Kimeru kilizaliwa na nani, kinajibu kwa Kibantu kuanzia ulimi hadi mti.

Nilimaliza kwa tahadhari ambayo huwapa wanafunzi wangu, na ambayo nampa msomaji pia. Undugu wa lugha si undugu wa damu. Watu huacha lugha na kuchukua nyingine, huoana na kuhama. Kishona hakiwezi kutuambia kama kijana huyu atamtunza mke wake, na mtu hahitaji kuwa Mbantu ndipo akaribishwe chai Embu. Nilichokataa ni kitu kimoja tu: lugha yake kuitwa ngeni kabisa, ilhali ni ya ukoo wetu na tunaweza kuuonyesha ukoo huo neno kwa neno.

Mzee alikuwa kimya muda wote. Akamgeukia kijana, akamwonyesha kwa kidole mbuzi waliofungwa kando ya boma. "Wale unawaitaje kwenu?"

"Mbudzi," kijana akasema.

"Mbũri," mzee akajisemea taratibu. "Na wako wangapi pale?"

"Mbudzi nhatu."

"Mbũri ithatũ!" Mzee akapiga goti lake kwa kiganja, akatuangalia sote kana kwamba yeye ndiye aliyegundua. Halafu uso wake ukabadilika. "Ni watatu tu? Hebu endelea kuhesabu, mwanangu."