Kovu Baada ya Upasuaji: Hesabu ya Mkazi wa Misugusugu

Keloidi ni kovu linaloota hadi kuvuka mipaka ya kidonda kilicholizaa. Kovu la kawaida hubaki ndani ya mipaka hiyo na hukomaa kwa miezi 12 hadi 18. Bei za mfano zilizomo humu ni makadirio. Msomaji aweke za kwake.

Tuanze na kukata keloidi bila tiba nyingine. Tafiti zinataja kurudi kwa asilimia 45 hadi 100. Upasuaji ukigharimu Sh150,000, wagonjwa 100 watalipa Sh15,000,000. Keloidi ikirudi kwa asilimia 45 watapona 55, yaani Sh272,727 kwa kila aliyepona. Ikirudi kwa asilimia 100, hapati nafuu hata mmoja. Na keloidi inayorudi yaweza kuwa kubwa kuliko ya mwanzo.

Sindano za triamsinoloni, dawa ya steroidi, zikifuata upasuaji hupunguza hatari ya keloidi kurudi. Tuchukulie mkazi wa Misugusugu, Kibaha, anachomwa sindano tano, moja kila wiki nne, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Kila safari: dawa Sh15,000, nauli Sh10,000, kibarua kilichokosekana Sh10,000. Jumla ni Sh175,000. Kati yake Sh100,000, asilimia 57, ni nauli na kibarua, na hazimo kwenye risiti ya hospitali.

Sindano hizo zikipatikana hospitali ya Tumbi, hapo hapo Kibaha, kwa nauli ya Sh3,000 na nusu siku ya kazi, safari moja inakuwa Sh23,000 na zote tano Sh115,000. Mgonjwa anaokoa Sh60,000, sawa na asilimia 34, bila bei ya dawa kubadilika.

Kukata kukifuatiwa na mionzi, uchambuzi mmoja wa tafiti ulipata kurudi kwa takriban asilimia 22. Takwimu hii isomwe kwa tahadhari. Keloidi yaweza kurudi baada ya mwaka au zaidi, kwa hiyo utafiti wa miezi sita huonyesha mafanikio makubwa kuliko yaliyopo. Vilevile, mgonjwa aliyeacha kuja kliniki hawezi kuhesabiwa kuwa amepona.

Kwa asiye na keloidi, hesabu ni nyepesi. Tuseme jeli ya silikoni ni Sh60,000 na mafuta mazito ya kupaka (petroleum jelly) Sh3,000: mara 20. Ushahidi wa silikoni ni dhaifu. Hakuna unaoonyesha faida mara 20. Mafuta hutunza unyevu wa kidonda kinachopona.

Ngozi iliyoshonwa huwa na takriban asilimia 3 ya nguvu zake wiki ya kwanza, na hufikia 80 baada ya miezi mitatu. Kubeba ndoo mapema huvuta mshono na kupanua kovu. Kupumzika kuna gharama ya vibarua, nayo iingizwe kwenye bajeti.

Kabla ya kukubali kisu, muulize daktari mambo matatu: keloidi hurudi kwa wangapi kati ya 100, walifuatiliwa kwa muda gani, na sindano zitatolewa wapi. Kama fedha zinatosha upasuaji tu na hazifiki kwenye ufuatiliaji, usikatwe kwanza.