Kitambulisho Si Hirizi

Huyu ni mama wa tatu mwezi huu kupanda ngazi za ofisi yangu hapa Kibokoni, Mombasa, na swali lile lile: "Wakili, mwanangu alikuwa na kitambulisho mfukoni. Mbona wamemchukua?"

Mama, kadi inasema yeye ni nani. Anayemkamata anatakiwa awe na sababu ya kumshuku kwa kosa fulani, na hilo kadi haiwezi kulijibu. Tena ndiyo inayomwonyesha afisa jina na mahali alipozaliwa, yale yale yanayomfanya amshuku.

Wazee wetu wangali wanakiita kitambulisho kipande. Sheria ya kikoloni ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi atembee na kipande chenye alama za vidole na jina la mwajiri, kimetiwa kwenye kikebe cha bati shingoni. Mzungu hakukivaa, wala Mhindi. Kilitungwa ili anayetoroka kazi ashikwe. Habari ya kumlinda aliyekivaa haikuwepo.

Uhuru ukaja, mazoea yakabaki. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipigwa msasa upya na kutakiwa wabebe kadi ya ziada, ya rangi ya waridi, ambayo Mkenya mwingine hakudaiwa. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, wenye vitambulisho halali walisombwa Eastleigh hadi uwanja wa Kasarani kuhakikiwa tena. Miezi miwili kabla yake, tarehe 2 Februari, polisi walivamia Masjid Musa pale Majengo, Mombasa, wakakamata zaidi ya watu 100, wakiwemo watoto ambao umri wa kupewa kitambulisho hawajaufikia. Hirizi gani hiyo? Na wapo vijana wa Mji wa Kale waliozungushwa miaka kuitafuta kadi hiyo, wakidaiwa vyeti vya babu zao; Februari 2025 Rais Ruto alitangaza kuwa msasa wa ziada wa vitambulisho ukome.

Cha kufanya, upesi, mahakama inaningoja. Usikimbie. Uliza unakamatwa kwa kosa gani. Kifungu cha 49 cha Katiba kinamlazimu afisa akwambie, kwa lugha unayoifahamu. Taja jina lako, kisha nyamaza hadi wakili afike. Usitoe kitu kidogo. Jamaa mmoja aende kituoni aulize nambari ya OB, kitabu cha matukio. Ndani ya saa 24 ufikishwe mahakamani; zikiishia nje ya saa za mahakama, basi siku ya kazi inayofuata, ndiyo maana kukamatwa Ijumaa ni balaa. Umepigwa? Hospitali kwanza, fomu ya P3, kisha malalamiko IPOA, mamlaka inayowasimamia polisi.

Na kadi ibebe, sikukatazi. Ila picha yake iwe kwenye simu ya mamako, maana ikibaki kituoni, kuirudisha ni safari nyingine.